Pesa ya mwajiri iwe ya mfanyakazi tangu siku inapowekwa

Nafanya kazi katika ofisi ya mishahara ya kampuni inayoendesha nyumba za kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio. Wengi wanaofika mezani kwangu ni watu wetu: Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Ni kina mama wanaowaogesha wazee usiku na vijana wanaowageuza vitandani wasipate vidonda. Naandika katika gazeti la nyumbani kwa sababu karibu kila ukoo una mtu wake huku anayebeba boksi, na kuna pesa ya watu hao inayopotea kimyakimya, bila mwizi wala kesi, kwa ruhusa kamili ya sheria.

Msimamo wangu nautoa mapema. Pesa ya kustaafu ambayo mwajiri ameiingiza katika akaunti ya mfanyakazi inapaswa kuwa mali ya mfanyakazi siku hiyo hiyo. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumngojesha mtu miaka mitatu, au kumgawia kidogo kidogo mpaka mwaka wa sita. Ruhusa hiyo ifutwe.

Mpango unaotumika zaidi katika sekta binafsi unaitwa 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi. Kila mshahara unapotoka, mfanyakazi anakatwa asilimia aliyoichagua mwenyewe, na mwajiri akipenda anaongeza yake juu. Kile alichokatwa mfanyakazi ni chake tangu senti ya kwanza, hata akiacha kazi kesho. Cha mwajiri ndicho chenye masharti, na masharti hayo yako ya namna mbili. Namna ya kwanza, huna chochote mpaka utimize miaka mitatu ya kazi, ndipo unapewa yote kwa mkupuo. Namna ya pili, unamiliki asilimia 20 ukitimiza miaka miwili, 40 ukitimiza mitatu, hivyo hivyo mpaka asilimia 100 mwaka wa sita. Mwajiri anaweza kuwa mkarimu kuliko hapo, na wako wengi wanaotoa umiliki papo hapo. Hawezi kuwa mkali zaidi.

Kwenye taarifa ya akaunti mambo haya huonekana kama mistari miwili: salio lote, na salio ambalo ni lako kweli. Watu husoma mstari wa kwanza kwa sababu ndio wenye tarakimu kubwa.

Kijana mmoja wa jumuiya yetu, mzaliwa wa Muheza, aliajiriwa kwingine, si kwetu, kama muuguzi msaidizi kwa dola 20 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, wiki 52, ni dola 41,600 kwa mwaka. Alichagua kukatwa asilimia 4, yaani dola 1,664 kwa mwaka, na mwajiri akaweka kiasi hicho hicho. Alipofika mwezi wa 35 akapata kazi ghalani iliyolipa dola moja na nusu zaidi kwa saa. Akaaga vizuri, akaondoka. Mpango wa pale ulikuwa wa miaka mitatu kwa mkupuo. Mwajiri alikuwa ameshaweka kama dola 4,850, bila kuhesabu faida ya uwekezaji. Kijana alipohamishia pesa zake kwenye mpango wa ghalani, zile dola 4,850 zilibaki nyuma na zikachukuliwa. Alikuja kwangu na karatasi mkononi.

“Dada, mbona hizi ni nusu? Nyingine zimeenda wapi?”

Nilimwonyesha mstari wa pili, kisha nikampigia hesabu ambayo ilimuuma zaidi. Kama angengoja wiki tano, nyongeza ya ghalani ambayo angeikosa ni dola 300. Kwa kuikimbilia dola 300 aliacha dola 4,850. Na pesa hiyo isingekaa bure: kwa faida ya asilimia 6 kwa mwaka, katika miaka 30 ingevuka dola 27,000. Hakuwa mzembe. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba tarehe ilikuwepo.

Kwa nini hakuuliza? Nadhani najua, kwa sababu nami nimekulia Tanga na nimeanza kazi nyumbani. Kule NSSF inapokea asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Inayobaki anatoa yeye. Ukiacha kazi mwezi wa saba, NSSF haimrudishii mwajiri sehemu yake. Ni kweli kwamba pensheni ya uzeeni inadai miezi 180 ya michango, na malalamiko yetu juu ya mafao ni mengi na mengine ya haki. Lakini wazo la kwamba mchango ulioingia kwa jina lako unaweza kurudi kwa aliyeutoa kwa sababu tu umeondoka mapema, wazo hilo mtu aliyezoea NSSF hana kabisa. Anatua Marekani, siku ya kwanza kazini anapewa karatasi arobaini za kusaini, na katika mojawapo limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Na miaka yenyewe haihesabiwi kama mtu anavyodhani. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi inapookolewa au kupotea.

Kwanza, miaka huanza kuhesabiwa siku uliyoajiriwa, si siku uliyojiunga na mpango. Nimekutana na mama mmoja aliyejiunga baada ya mwaka mzima wa kazi, akaamini kwamba bado ana miaka miwili ya kungoja, kumbe ulibaki mmoja. Pili, katika mipango mingi mwaka mmoja wa kazi maana yake ni saa 1,000 ndani ya kipindi cha miezi 12. Saa 1,000 ni kama saa 20 kwa wiki. Anayefanya zamu tatu kwa wiki anatimiza. Anayefanya moja au mbili fupi anaweza kufanya kazi miaka mingi asitimize hata mwaka mmoja wa mpango. Likizo yenye malipo inahesabika. Wiki usizolipwa kwa kawaida hazihesabiki.

Tatu, na hili ndilo ambalo hata mameneja hawalijui, kuna mipango inayohesabu kwa mwaka wa kalenda. Chukua mtu aliyeajiriwa mwanzoni mwa Julai 2021, kazi ya kutwa. Mpaka Desemba ana saa zipatazo 1,040. Huo umeshakuwa mwaka mmoja. Mwaka 2022 wote ni wa pili. Mwaka 2023, ifikapo mwisho wa Juni, ameshavuka tena saa 1,000, na huo ni wa tatu. Mtu huyo ametimiza miaka mitatu ya mpango akiwa kazini miaka miwili tu. Mipango mingine haihesabu saa, inahesabu muda kutoka tarehe hadi tarehe, na hapo hakuna njia ya mkato. Ni lazima kujua wa kwako ni upi, na huwezi kujua kwa kumuuliza mwenzako wa zamu.

Ndiyo maana nawaambia wote: omba kwa maandishi muhtasari wa mpango. Msimamizi wa mpango analazimika kukupa. Asipokupa ndani ya siku 30, mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku anayochelewa. Andika barua fupi, weka nakala.

Sasa nirudi kwenye sheria yenyewe, maana kumfundisha mtu kukwepa shimo hakulifukii shimo.

Kungojeshwa huku kumekuwa kukipunguzwa tangu zamani. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, jimbo jirani na hapa. Mfuko wa pensheni haukuwa na pesa za kutosha. Waliokuwa wamefika miaka 60 walilipwa kamili. Zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 59, ambao tayari walikuwa wametimiza masharti yote, walipata kama senti 15 kwa kila dola waliyostahili. Kwa wastani walikuwa na umri wa miaka 52, na miaka 23 ya jasho kiwandani. Waliobaki, ambao hawajatimiza masharti, hawakupata hata senti moja. Nchi ilishtuka. Na ilipoanza kuangalia kwingine ikakuta kwamba mtu angeweza kufanya kazi zaidi ya miaka 20 mahali pamoja, akaachishwa karibu na kustaafu, na asiwe na haki yoyote, kwa sababu mwajiri ndiye aliyejiandikia masharti.

Seneta Jacob Javits wa New York aliupigania mswada kwa miaka. Rais Gerald Ford alitia saini sheria hiyo, inayojulikana kama ERISA, tarehe 2 Septemba 1974, Siku ya Wafanyakazi ya huku. Ndiyo iliyosema kwa mara ya kwanza kwamba haki ya mfanyakazi haiwezi kucheleweshwa bila ukomo. Njia ya mkupuo ikawekewa ukomo wa miaka 10. Mwaka 1986 ukashushwa hadi mitano. Mwaka 2001 ukashushwa hadi mitatu kwa pesa ambayo mwajiri anaiweka kulinganisha na mchango wa mfanyakazi, na mwaka 2006 ukomo huo ukahusisha michango mingine yote ya mwajiri katika mipango ya aina hii.

Kumi, mitano, mitatu. Mipango haikufa. Hiyo 401(k) imekua na kuwa tegemeo la mamilioni ya watu katika miaka ile ile ambayo kungoja kulikuwa kunapunguzwa.

Na wapo ambao sheria imeshawapa haki hii bila kuwangojesha. Mwajiri mdogo akianzisha mpango wa SEP au ule wa SIMPLE IRA, kila anachoweka ni cha mfanyakazi hapo hapo, asilimia 100. Serikali kuu ya Marekani yenyewe, kwa watumishi wake, pesa inayolinganisha na mchango wa mtumishi inakuwa yake mara moja; inayongoja ni ile asilimia 1 tu inayotolewa kwa kila mtu, achangie asichangie. Nashindwa kuelewa kwa nini mwenye karakana ya matairi yenye mafundi kumi aweze, na kampuni yenye majengo katika majimbo mengi ishindwe.

Tuulize pia pesa iliyochukuliwa inakwenda wapi. Haiingii mfukoni mwa mkurugenzi moja kwa moja. Lazima ibaki ndani ya mpango. Lakini mpango unaweza kuitumia kulipia gharama za uendeshaji, au kuwagawia waliobaki, au kupunguza kiasi ambacho mwajiri angetoa mwaka unaofuata. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nimeona ni nani huondoka mapema. Ni msaidizi wa usiku, mpishi, mfagizi. Wanaokaa miaka kumi ni mameneja na wahasibu, watu kama mimi. Basi dola 4,850 za yule kijana wa Muheza zinaweza kuwa ndizo zilizoingia mwaka uliofuata kama “mchango wa mwajiri” katika akaunti ya bosi wake. Wa chini amemchangia wa juu, na hakuulizwa.

Waajiri wana hoja na nimezisikia vikaoni, nitazitaja kwa haki. Wanasema kumfundisha mtu kazi kuna gharama, na pesa inayongoja humfanya atulie. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mfanyakazi angejua. Chambo ambacho samaki hakioni hakimvuti. Yule kijana hakubaki kwa ajili ya dola 4,850, kwa kuwa hakujua kama zipo hatarini; alichokiona ni dola moja na nusu kwa saa. Takwimu za Idara ya Kazi za Januari 2024 zilionyesha kwamba mfanyakazi wa katikati Marekani alikuwa amekaa kwa mwajiri wake miaka 3.9. Mpango wa miaka sita umeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi ambaye hayupo.

Wanasema pia kwamba wakilazimishwa kutoa umiliki mara moja watapunguza wanachochangia. Baadhi watapunguza. Naikubali hatari hiyo, na bado nasema afadhali ahadi ya asilimia 3 iliyo ya kweli kuliko ya asilimia 4 inayotegemea watu kuondoka. Mwajiri akitangaza kazi huandika mchango huo pamoja na mshahara na bima, kama sehemu ya malipo. Mtu huichagua kazi hiyo na kuiacha nyingine kwa sababu yake. Kama ni malipo, yamelipwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Yule mzee ameshaogeshwa, shuka zimeshabadilishwa.

Kuna jambo linalowapata watu wetu kuliko wengine, nalo ni mama kuugua nyumbani. Simu inatoka Bukoba au Bujumbura usiku, na asubuhi mtu anaandika barua ya kuacha kazi kwa sababu anahitaji miezi miwili na anaamini hawezi kupewa. Mara nyingi anaweza. Sheria ya mwaka 1993 ya likizo ya familia na ugonjwa inampa hadi wiki 12 bila malipo, kazi yake ikimngoja, ili amuuguze mzazi, mwenzi au mtoto mwenye ugonjwa mzito. Masharti ni awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi katika eneo hilo. Cheti cha daktari wa nje kinakubalika. Mwajiri anaweza kutaka tafsiri yake. Likizo hiyo haihesabiwi kama kukatiza utumishi. Sheria haimhusishi shangazi, wala kaka, wala safari ya kuzika, na kwa watu wenye koo kama zetu huo ni upungufu mkubwa. Hata hivyo anayekwenda kumuuguza mama asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kufika ofisini kwangu au kwa mwenzangu popote alipo.

Aliyekwisha kuacha naye asikate tamaa moja kwa moja. Akirudi kwa mwajiri yule yule kabla ya miaka mitano mfululizo kupita, anaweza kudai pesa iliyochukuliwa irejeshwe, kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mpango. Na mwajiri akipunguza watu wengi kwa pamoja, zaidi ya mmoja kati ya watano walio kwenye mpango, kwa kawaida walioachishwa wote wanakuwa wamiliki kamili hata kama walikuwa na miezi minne. Ghala linapofungwa, watu husaini karatasi za kuondoka bila kujua hili. Katika jumuiya zetu tunachangiana vizuri sana kwa misiba. Ningependa mweka hazina wa kila jumuiya awe na nakala ya kanuni hizi na azisome mkutanoni mara moja kwa mwaka, kabla ya taarifa ya mapato.

Bunge la Marekani limeonyesha kwamba likitaka linaweza. Mwaka 2022 lilipitisha sheria iliyowafungulia mlango wafanyakazi wa saa chache: kuanzia mwaka 2025, aliyefanya angalau saa 500 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, aruhusiwe kujiunga na mpango, na kwake kila mwaka wa saa 500 uhesabike kuelekea umiliki. Hao ni wale kina mama wa zamu mbili kwa wiki niliowataja juu. Sheria haikumlazimisha mwajiri kuwaongezea kitu, lakini ilikubali kwamba saa zao nazo ni kazi. Hatua inayofuata ni fupi: pale ambapo sheria imeandika miaka mitatu na miaka sita, iandikwe kwamba mchango ni wa mfanyakazi tangu unapoingia.

Wengi wetu hapa Columbus tumeshaapa uraia na tunapiga kura. Wagombea ubunge huja makanisani na misikitini kwetu kila msimu wa uchaguzi, hula pilau yetu, husema wanawapenda wahamiaji wachapakazi. Wakija tena nitasimama niulize kama watauunga mkono muswada wa kuondoa kungojeshwa huku, na nitaomba jibu la ndiyo au hapana, mbele ya wale wauguzi wasaidizi watakaokuwa wametoka zamu ya usiku.